Zamu ya Marehemu

Tarehe 2 Machi

Shikamoo Babu Mdogo,

Naamini barua hii itakukuta karakana, penseli sikioni na vumbi la mbao kwenye nyusi. Huku kwetu hatujambo. Mume wangu amepona mafua yake, na mtoto ameota jino la kwanza. Mimi ambaye kutwa nzima natengeneza meno ya bandia ya watu, nililipigia kelele jino hilo kama sijawahi kuona jino duniani.

Neno langu ni hili. Shangazi ameniambia jiwe la kaburi la Babu litawekwa mwezi wa tisa, na mimi ndiye niliyepewa kusoma maisha yake mbele ya ndugu. Nimeandika, "Alikuwa fundi cherehani hodari, alipenda sataranji," nikakwama hapo. Hayo hata mteja wa siku moja angeyaandika. Wewe ni mdogo wake, umekula naye sahani moja tangu utoto mpaka asubuhi ile ya Januari. Niandikie unayoyakumbuka.

La pili. Shangazi anasema ukuta wa nyumba yenu umepasuka tangu wachimba barabara walipopita na mashine zao, na kwamba fundi mwashi amekutaka uhame. Mbona mimi hukuniambia? Chumba cha nyuma hapa kwangu ni kitupu. Kina dirisha, na benchi lako la useremala linaingia. Njoo, Babu Mdogo.

Mjukuu wako,
Kidevu


Tarehe 19 Machi

Kidevu wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya huyo mwenye jino. Mimi mzima. Watu wa rika langu mtaa huu wote wanatembelea fimbo, na fimbo zenyewe nimewachongea mimi. Naandika kwa penseli ya useremala, kwa hiyo usilalamike herufi zimekuwa kubwa kama kibao cha duka. Shule mimi niliiona kwa kuitengenezea madawati. Na usinitajie simu. Uongo wa simu unaingia sikio hili unatokea lile, wa barua unabaki mezani unakutazama.

Sasa maisha ya babu yako. Andika hivi, usipunguze. Sataranji alijifunza akiwa amelala chali. Alianguka ngazini akipachika kibao cha duka lake la kushona, kibao nilichokichonga mimi, kilikuwa kizito kwa sababu mimi sitengenezi vitu vyepesi. Mguu ukavunjika. Hospitali kitanda cha pili alilazwa karani mmoja mgonjwa wa mapafu, anacheza sataranji kwa mdomo tu, hana ubao hana kete. Anasema, "Farasi wangu anaruka hapa, wewe unafanyaje?" Babu yako anajibu akitazama dari. Alipotoka mguu ulikuwa umepona na kichwa kimeshaharibika. Akaja karakana na magongo yake akaniambia, "Nitengenezee."

Mimi sataranji nilikuwa sijaiona hata siku moja. Nilichonga kwa maneno yake tu. Aliposema farasi, nikachonga farasi: miguu minne, mkia, masikio, na ukimtazama vizuri, hasira. Baadaye akaja mteja mmoja mwenye tai, anayejua mchezo, akacheka mpaka akakaa chini. Anasema farasi wa sataranji ni kichwa na shingo basi. Nikamwambia, "Huyo wa kwenu alipata ajali. Wa kwetu ni mzima."

Kweli miguu yao ilikuwa myembamba, farasi mmoja wa babu yako akavunjika. Nikasema nimchongee mwingine, akakataa. Akavua kastabani, kile kikofia cha chuma cha kuzuia sindano kidoleni, akakisimamisha pale pale. Akasema, "Huyu sasa ndiye farasi wangu, hachomeki." Mpaka leo ndiye.

Tulikuwa na kawaida zetu. Hatua moja kwa jioni moja, leo mimi kesho yeye, tukishafunga kazi. Mchezo mmoja unakula miezi. Kete ya mwenzako huigusi, hata kwa kuifuta. Ukiila unasema "toka," mwenyewe ndiye anayeiondoa. Hiyo ilikuja baada ya siku niliyopangusa meza nikasogeza askari wake mmoja, tukagombana masika nzima tukipeana chumvi kwa kumtuma mtu. Na ya mwisho: meza haihamishwi, na anayeiacha mchezo haujaisha, huyo amefungwa.

Wewe mwenyewe ulikuwa unaona. Ulikuwa unakuja unaegemeza kidevu ukingoni mwa meza, macho sawasawa na askari, jina likakuganda.

Andika pia kwamba nguo ya mtoto alikuwa akiiacha na pindo refu ndani, mama wa mtoto akilalamika kitambaa kinapotea, anamjibu, "Mtoto haombi ruhusa kukua." Pindo hilo nimeliona likiachiwa mara tatu, nguo ile ile. Na andika hili, usiliruke: miaka yote ya mchezo wetu hakunifunga hata mara moja.

Huo ukuta ufa wake ni mdogo. Shangazi yako ana mdomo. Fundi mwashi alikuja akatia kidole kwenye ufa akasema, "Mzee, ukuta huu unakuaga." Nikamwambia na wewe aga, mlango ule pale. Mimi sihami. Mchezo uko mezani, na zamu si yangu, ni ya babu yako. Nikiondoka nimefungwa. Nifungwe na marehemu? Watu wa mtaa huu watanicheka mpaka na mimi nife.

Babu Mdogo wako


Tarehe 6 Aprili

Shikamoo Babu Mdogo,

Barua yako nimeisoma kwa sauti mezani, mume wangu akapaliwa na chai pale kwa farasi aliyepata ajali. Mtoto sasa anatambaa, na anachokikuta sakafuni anakijaribia jino lake.

Nimekutumia kipande cha nta ndani ya kopo. Kipashe joto kidogo kwa maji ya uvuguvugu, king'ate mpaka mwisho, halafu unirudishie ndani ya kopo hilo hilo kisivunjike. Nataka nikutengenezee meno ya chini. Shangazi anasema siku hizi unakula uji tu na kudai ndio unaoupenda.

Babu Mdogo, nimekuelewa juu ya mchezo, na sikucheki. Lakini Babu mwenyewe angekuona umekaa chini ya ukuta huo angesemaje? Unakumbuka alivyokuwa akiwafukuza wateja wasimame mbali na pasi ya moto? Hakutaka mtu aungue hata ncha ya kidole dukani mwake. Fikiri hilo. Na uniambie ufa ni mkubwa kiasi gani, kwa kipimo, si kwa maneno. Wewe ni seremala.

Kidevu


Tarehe 28 Juni

Kidevu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, usihesabu. Mwezi wa tano nilikuwa na shughuli kidogo nje ya nyumba. Na ukiona mwandiko umekaa upande, ni penseli, ilichongwa vibaya na mtu mwingine. Ningeichonga mwenyewe ungesoma mpaka kwa mbali.

Mimi mzima. Nta nimeing'ata, iko ndani ya kopo. Nimeing'ata vizuri kuliko mtu yeyote uliyewahi kumtengenezea, utaona. Hao wateja wako nadhani wanailamba tu.

Umeuliza kipimo. Penseli inaingia. Huko nyuma ilikuwa inaingia ncha tu.

Kipande cha lipu kilidondoka jioni moja, kikubwa kama mlango wa kabati, pale pale katikati ya chumba. Lakini ubao haukuguswa. Hata askari mmoja hakuyumba. Nilikwambia sitengenezi vitu vyepesi.

Shangazi yako naye alikuja kuniuliza, kwa nini nisizifunge kete kwenye kitambaa nikahamia kwako nazo. Mwanamke amezaliwa ndani ya nyumba hii na bado anauliza. Meza haihamishwi! Halafu za babu yako nitazifungaje, wakati sizigusi? Zangu nazifuta kila asubuhi kwa mafuta kidogo, zinang'aa. Zake zimekaa. Zilikuwa za mti mweupe, sasa ni za kijivu, na lipu ndiyo imezidi kuzipaka. Kastabani imeingia kutu pembeni. Ukikaa kwenye kiti changu ukazitazama unaona jeshi moja linakwenda harusini na jeshi jingine limetoka kuzikwa.

Basi. Uji ni mzuri, mimi ndio niupendao.

Babu Mdogo wako


Tarehe 9 Julai

Shikamoo Babu Mdogo,

Mtoto amesimama. Mume wangu anakusalimu. Salamu zangu leo ni fupi kwa sababu nina hasira, nisamehe.

Uliniambia uongo wa barua unabaki mezani unamtazama mtu. Basi huu hapa unanitazama. Herufi zako zote zimelalia kushoto na hazina ule mkandamizo wako unaotoboa karatasi. Hizo si herufi za penseli mbaya, ni herufi za mkono mwingine. Lipu imeanguka katikati ya chumba, meza iko katikati ya chumba, na hata askari mmoja hakuyumba. Kwa hiyo kitu fulani kilikuwa juu ya meza, kikaipokea lipu. Nataka kujua bega limepona au halijapona. Na nataka kujua hiyo shughuli ya nje ya nyumba ilikuwa na vitanda vingapi kwa kila chumba, maana wewe hata kunyoa kinyozi ndiye anayekufuata.

Nta yako nimeipokea. Imejaa chembe za lipu, nimezitoa kwa sindano moja moja. Babu Mdogo, natengeneza meno ya mtu anayekula ukuta.

Sitakuomba tena uhame. Nakuomba kitu kingine. Umesema zamu ni ya Babu. Mimi ni damu yake, na alinifundisha kucheza. Niandikie kete zimekaaje, nami nitacheza zamu yake kutoka hapa. Shangazi ni binti yake, hakuna sheria inayomkataza kusogeza kete za baba yake. Mchezo usiochezwa hauishi, na usipoisha hutoki. Basi tuumalize.

Mara ya mwisho nilipokuja, Babu akinipima koti, aliniambia neno juu ya mchezo huo. Alikuwa na pini mdomoni, akalisema kwa shida, halafu akanikataza kulirudia. Sitalirudia. Nakwambia tu ujue kwamba najua.

Kidevu


Tarehe 25 Julai

Kidevu,

Marahaba. Bega limepona. Karibu lipone. Vitanda vilikuwa sita, na aliyekoroma kuliko wote alikuwa kitanda cha dirishani, si mimi.

Nimekaa na barua yako nikakasirika, nikaiweka chini ya randa, nikaitoa, nikakasirika tena. Mtoto aliyekuwa akiegemeza kidevu mezani kwangu leo anataka kunifunga! Wewe ulikuwa unauliza kwa nini malkia havai viatu.

Lakini haki ni haki. Damu ni yake. Sikiliza basi.

Mfalme wangu yuko nyumbani kwake, mstari wa nyuma, pembeni. Mbele yake askari watatu bega kwa bega, ukuta mtupu, hapiti mtu. Malkia wangu na ngome zangu mbili wako mbali, wameingia ndani kabisa ya nchi ya babu yako, wanawinda. Nimembana. Yeye ana ngome moja tu, imesimama kwenye njia ya katikati, njia nyeupe haina kitu, kutoka alipo mpaka kwangu. Ana kastabani, imezubaa. Ana askari mmoja pembeni kulia, huyo ndiye aliyekuwa akimsukuma siku zile za mwisho.

Ndivyo zilivyokaa. Mimi nasema zilivyokaa, sisemi zaidi.

Mvua imeanza. Nimeweka ndoo mbili. Usiku nalala karakana, usimwambie Shangazi yako kwamba amenishinda.

Babu Mdogo wako


Tarehe 4 Agosti

Shikamoo Babu Mdogo,

Sote wazima. Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo yake imelegea. Askari watatu mbele ya mfalme ni ukuta mzuri, hapiti mtu. Lakini na yeye mwenyewe hatoki.

Naiona ngome ya Babu. Naiona njia. Najua pia mvua imeanza na ndoo ni mbili. Nimekaa na kalamu tangu nilipotoka kazini, nikijiambia nikiiandika hatua ile nimekutoa ndani ya nyumba hiyo. Kalamu imekataa. Nimekasirika nayo, nimelia, imekataa.

Mwambie Shangazi amsogeze askari wa pembeni kulia. Hatua moja mbele.

Zamu yako, bingwa.

Kidevu


Tarehe 20 Agosti

Kidevu,

Marahaba, na wote huko marahaba.

Shangazi yako alikuja jana na mwamvuli. Nikamsomea barua, nikamwonyesha askari. Akamsogeza kwa kidole kimoja kama anagusa sufuria ya moto. Halafu akaniuliza, "Mbona unatazama hivyo?" Nikamwambia aende akachemshe maji.

Sasa nitakwambia. Ile njia nyeupe nilikuwa naiona. Mimi seremala, nione njia iliyonyooka, nisiijue? Ngome ikiteremka mpaka mstari wangu wa nyuma, mfalme hana pa kwenda, ukuta wake mwenyewe umemzuia, kwisha. Niliiona tangu kabla ya mwaka mpya. Kila ilipofika zamu yake nilikuwa nakaa nasubiri aiteremshe. Anaishika ngome, anaizungusha kidogo, anaiacha. Anamsukuma askari wa pembeni. Anasema, "Zamu yako, bingwa," na kikohozi chake kile. Na mimi nakuna kichwa najifanya nafikiri. Ningeweza kufungua dirisha la mfalme wangu siku yoyote kwa kusogeza askari mmoja. Sikusogeza. Nilitaka nione atanivumilia mpaka lini. Wazee wawili tumekaa mezani kila mmoja anamficha mwenzake jambo ambalo wote tunalijua, na tulikuwa tunalala vizuri.

Najua alichokwambia na pini mdomoni. Alikwambia nikifungwa nanuna, na nyumba ni ndogo. Kweli ananijua.

Jana nilipomwona yule askari amekwenda mbele tena, nilijua ni nani aliyekaa kwenye kiti kile. Nikangoja akohoe. Mvua tu.

Basi nikamshika mfalme wangu nikamlaza. Kwa mkono wangu wa kulia, huu wenye bega bovu. Hakunilazimisha mtu, wala ukuta haukunilazimisha, na ukuta wenyewe ninapoandika bado umesimama, ujue siondoki kwa ajili yake.

Mchezo ukiisha kete si za mtu. Nikachukua kitambaa chake cha kufutia cherehani nikazifuta za kwake, moja moja, kwa mafuta yale yale ya zangu. Zimerudi kuwa nyeupe. Shangazi yako alirudi na chai akanikuta, akaiweka chini akatoka nje kwenye mvua bila mwamvuli, mjinga yule. Kastabani niliijaribu kidoleni. Imekataa vidole vyote isipokuwa cha mwisho. Alikuwa na vidole vyembamba, sikuwahi kuviangalia. Andika hilo pia.

Kete nimezifunga, ubao nimeukunja, bawaba zake hazitoi hata sauti. Nakuja Jumamosi. Benchi litafuata na gari la mizigo, na yeyote atakayelikwaruza tutaonana. Meno nitayajaribia huko, kama yananibana utayarudia. Mezani kwako mimi nakaa na weupe, na usinisukumie askari wa pembeni, nakukanya. Huyo mwenye meno mpe nafasi ukingoni, aegemeze kidevu.

Na lile nililokwambia uandike, kwamba hakunifunga hata mara moja, lifute. Siku ya jiwe usome hivi: Alimfunga mdogo wake mara moja tu, na hata hiyo aliona haya, akangoja afe kwanza.

Babu Mdogo wako